Nyota tano za friji hazijui chumvi ya Nungwi

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika ukurasa wako wa barua tuseme na wanaojiandaa kununua friji, friza au kiyoyozi. Siku hizi mnunuzi haingii duka la Darajani au Mlandege mikono mitupu, anaingia na simu, na kwenye simu kuna nyota. Friji ina nyota nne na nusu, watu elfu mbili wameisifu, basi kilichobaki ni bei. Anayeagiza kutoka Dubai au China hata friji yenyewe haioni mpaka mzigo utoke bandarini. Na wapo wanaodharau kabisa maneno ya wateja na kushikilia orodha za wataalamu wa Ulaya: jarida likisema hii ndiyo ya kwanza, hawataki kusikia nyingine.

Sisi tunaozifungua mashine hizi zikishakufa tunaona kuwa mteja anajua mambo yake, mtaalamu anajua yake, na kuna mambo ambayo wote wawili hawayajui kwa sababu hawaishi hapa. Mnunuzi akijua lipi aulize kwa nani, fedha yake itakaa.

Mteja ni shahidi mzuri wa anachokiona na kukisikia. Mlango umefika umebonyea, friji inanguruma usiku, droo ya mboga imepasuka, muuzaji hajibu simu: hayo maabara haikwambii. Shida ni lini aliandika. Wengi huandika katika wiki za mwanzo, karatasi za nailoni bado hazijabanduliwa mlangoni. Kiungo cha bomba kilichochomewa vibaya huvujisha gesi kidogo kidogo kwa miezi. Raba ya mlango hukakamaa baada ya mwaka na zaidi. Hayo hayamo katika nyota za wiki ya pili.

Halafu kuna asivyoweza kuviona hata akitaka. "Inapoza vizuri" maana yake maji ni baridi mkononi, na maji ya digrii 9 ni baridi mkononi, lakini nyama na maziwa katika digrii 9 haviendi mbali. Friji inatakiwa ikae kwenye digrii 4 au 5. Anayetaka kujua yake ikoje atie kipimajoto ndani ya gilasi ya maji, aiweke rafu ya katikati, asome asubuhi kabla mlango haujaanza kufunguliwa. Ni wateja wachache wanaofanya hivyo kabla ya kugawa nyota. Mwaka 2016 ulichapishwa katika Journal of Consumer Research utafiti uliolinganisha nyota za wanunuzi na matokeo ya maabara kwa bidhaa 1,272 za aina 120. Uhusiano baina ya nyota na vipimo ulikuwa dhaifu, na bei kubwa na jina la kampuni vilionekana kuzipandisha nyota. Kwa mafundi si habari ya ajabu. Aliyelipa sana hapendi kusema kaliwa.

Idadi nayo iangaliwe kabla ya wastani. Friji yenye maoni 10, tisa ya nyota tano na moja ya nyota moja, ina wastani wa 4.6. Wakija watu wawili tu wenye hasira inashuka hadi 4.0. Ile yenye maoni 1,000 na wastani huohuo wa 4.6, watu hao wawili hawaitikisi. Kwa hiyo 4.9 ya watu kumi na wawili isikushughulishe. Na maoni ya kununuliwa yapo, tena mengi kiasi kwamba Marekani ilitoa kanuni ya kuyapiga marufuku mwaka 2024 na Uingereza ikafuata mwaka 2025. Dalili yake moja ni rahisi kuiona: unasoma sifa za friji, katikati mtu anasifu chaji ya simu. Huo ni ukurasa wa bidhaa nyingine uliobadilishwa jina ili nyota zake zirithiwe.

Namna ya kuyasoma ni hii. Panga maoni kwa mapya kwanza, kwani kiwanda hubadilisha vipuri bila kubadilisha jina. Zipite nyota tano. Zipite pia nyota moja zinazolalamikia gari la kuleta mzigo. Soma za mbili, tatu na nne, maana hao ndio wanaoandika mazuri na mabaya pamoja. Kisha tafuta kipuri kinachotajwa zaidi ya mara moja. Watu watatu wa miezi tofauti wakisema feni ya ndani ilianza kukwaruza barafu, au bodi ya umeme ilikufa baada ya mwaka, hapo umepata ugonjwa wa kiwandani, hata kama juu pameandikwa 4.7.

Upande wa wataalamu, nao hawalingani. Consumer Reports ya Marekani ilianza mwaka 1936, jarida la Which? la Uingereza mwaka 1957, Stiftung Warentest ya Ujerumani mwaka 1964. Hao hununua bidhaa madukani kwa fedha yao kama mnunuzi yeyote, wakaipima, wakasema nambari. Huyu wa kwenye video aliyepewa friji bure na kampuni, akaweka kiungo cha kununulia chini yake ili apate kamisheni, ni dalali mwenye kamera. Mtazame kama ametaja digrii, uniti za umeme na desibeli za kelele, na kama kuna bidhaa yoyote aliyowahi kuiponda.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba wataalamu wa kweli, wakitaka kujua kifaa kipi hudumu, huwauliza wateja. Maabara haiwezi kukaa na friji miaka sita. Consumer Reports huwatumia wanachama wake maswali: unacho kifaa gani, ulikinunua lini, kiliharibika nini. Tofauti na nyota za mtandaoni ni kuwa hapa huulizwa pia aliyeridhika ambaye asingeandika chochote, na huulizwa baada ya miaka. Kwa hiyo ukipata taarifa ya uimara kutoka kwa watu hao, ina uzito kuliko nyota na kuliko kipimo cha siku moja.

Lakini kuna wasiyoyajua, na la kwanza ni joto: chumba walichopimia si jiko la Kwahani. Matumizi ya umeme ya friji hupimwa kimataifa katika chumba cha digrii 16, kisha cha digrii 32, mlango ukiwa haufunguliwi. Lebo ya Ulaya huchukua wastani wa hizo mbili, yaani kama friji inaishi kwenye digrii 24. Jiko letu la bati mwezi wa Februari, na makaa yanawaka pembeni, halijui digrii 24 hata alfajiri. Uniti zilizoandikwa kwenye lebo zitumike kulinganisha friji na friji. Usizitumie kukisia tukuza yako ya mwezi (umeme wa kulipia kabla), itakuzidi. Friji ya uniti 180 kwa mwaka na ya uniti 320 zinaachana kwa uniti 140. Zidisha kwa bei unayonunulia umeme, kisha zidisha kwa miaka minane, ndipo uamue kama ile ya rahisi ni rahisi. Na ukikuta A+ kwenye friji ya mtumba usifurahi: Ulaya ilibadilisha lebo Machi 2021, sasa inaanzia A hadi G bila alama za kujumlisha, na A+ nyingi za zamani leo ziko F au G.

Kitu chenye faida kuliko nyota zote ni kile kibandiko kilichopo nyuma ya friji au ndani, ubavuni mwa droo ya mboga. Kimulike kwa tochi ya simu. Mstari wa kwanza ni modeli, isome mpaka herufi za mwisho. Friji mbili zenye jina moja na sura moja zikaachana herufi mbili za mwisho zinaweza kuwa na kompresa (mota inayosukuma gesi) tofauti, na ile iliyosifiwa London si lazima iwe hii iliyopo Mlandege. Pili tafuta daraja la hali ya hewa: SN ni ya mahali penye digrii 10 hadi 32, N ni 16 hadi 32, ST ni 16 hadi 38, T ni 16 hadi 43. Hapa tunataka T. ST inavumilika katika chumba chenye hewa. Friji nyingi za mtumba kutoka Uingereza ni N, au SN hadi ST, na ile ya N ikiwekwa jikoni kwetu haizimi mchana kutwa, kompresa inachemka, na mwenyewe anaambiwa gesi imepungua. Anajaziwa gesi ambayo haikupungua, hapo anaharibikiwa mara ya pili. Tatu ni volti, 220 hadi 240 na 50 Hz. Nne ni aina ya gesi na uzito wake. R600a huwa gramu chache tu, mara nyingi chini ya 100, na inashika moto. Fundi akitaka kuijaza bila mizani ndogo, au akiwasha moto wa kuchomelea bomba kabla ya kuitoa, mzuie.

Pana tena nyota zilizochapwa mlangoni mwa sehemu ya barafu, na hizo hazikutolewa na mteja yeyote. Nyota moja ni digrii 6 chini ya sifuri, mbili ni 12, tatu ni 18. Nne ni 18 pamoja na uwezo wa kugandisha kitu kibichi. Friji ya nyota mbili ukitia pweza wa kuweka miezi mitatu, kosa si la friji.

Kwenye friza ndiko hasara kubwa ilipo, kwa sababu wanunuzi wetu wengi ni wafanya biashara: mwenye samaki wa Malindi, mama anayeuza barafu na malai, mwenye kuku wa jumla. Wateja wa Ulaya wanaosifu friza hutia pakiti zilizokwisha kuganda dukani. Kazi ya friza yao ni kutunza baridi. Sisi twatia samaki aliyetoka dikoni na joto la digrii 28. Hiyo ni kazi nyingine kabisa, na nambari yake iko kwenye kibandiko: kilo kwa saa 24. Kipimo hicho huanzia mzigo wa digrii 25 na kuishia 18 chini ya sifuri. Ikiandikwa 12 kg/24h, maana yake ukitia kilo 40 jioni moja unaidai zaidi ya siku tatu za kazi kwa usiku mmoja. Samaki wa pembeni waliogusa ukuta wataganda, wa katikati watabaki laini mpaka kesho kutwa, wakiozea ndani ya friza inayofanya kazi. Waliokuwa wameganda tangu juzi watalainika kwa joto la wenzao. Na wanaoganda polepole hujenga chembe kubwa za barafu zinazopasua nyama, ndiyo maana akiyeyushwa anatoa maji na kuwa kama sponji.

Lita za friza hazisemi lolote juu ya hili. Kuna friza ya lita 300 inayogandisha kilo chache kuliko ya lita 200. Mwenye kilo 40 kwa siku anunue friza mbili zenye jumla ya uwezo huo, au awapoze samaki kwanza kwa barafu ndani ya sanduku mpaka wafike karibu na sifuri, awafunge vifurushi vyembamba visivyozidi unene wa vidole vitatu, avisimamishe vikigusa kuta, na atie kwa mafungu. Swichi ya kugandisha haraka iwashwe saa kadhaa kabla ya mzigo kuingia. Wengi huiwasha baadaye.

Umeme ni la pili. Maabara hupima kwa volti 230 zilizotulia. Nyumba iliyo mwisho wa laini, mbali na transfoma, saa mbili usiku watu wote wamewasha taa na pasi, hupata chini ya 200. Nguvu ya mota ya kuanzia hushuka kwa mraba wa volti, kwa hiyo zikitoka 230 mpaka 180 hubaki kiasi cha asilimia 61 tu. Kompresa inaguna, haizunguki, kinga yake inakata kwa mlio wa "tik", baada ya dakika chache inajaribu tena. Usiku kucha. Baada ya wiki waya za ndani zimeungua na mteja anaandika nyota moja: "kampuni mbovu". Gadi ya friji yenye kukata umeme mdogo na mkubwa, na kuchelewesha kuwasha kwa dakika tatu hadi tano ili presha ya gesi isawazike, ni ya bei ndogo sana ukilinganisha na kompresa. Nunua siku ileile unayonunua friji. Ukiona plagi yake haikai imara kwenye soketi, badilisha soketi kwanza, plagi inayolegea huunguza kila kitu.

Hapa ndipo tunapotofautiana na wataalamu na wateja kwa pamoja. Wote husifu inveta, yaani kompresa inayobadili kasi yake, na kweli hutumia umeme mdogo na huanza taratibu bila kuvuta sana. Lakini inveta ina bodi, na bodi hufa kwa umeme unaorudi kwa kishindo baada ya kukatika. Kabla ya kununua muulize muuzaji: bodi ya modeli hii ipo, ni kiasi gani, inachukua siku ngapi kufika? Kwa aliyeko Pemba aulize itafika Chake au Wete kwa njia gani. Jibu likiwa la kubabaisha, kompresa ya kawaida yenye rilei na kapasita, ambayo fundi yeyote anayo, ndiyo bora kwako, hata kama jarida limeipa alama ndogo.

La tatu ni chumvi, nayo inakula zaidi viyoyozi. Kile chombo cha nje kina bomba za shaba zilizopitishwa kwenye mapezi ya aluminiamu. Madini mawili tofauti yakigusana na unyevu wa chumvi huwa betri, na aluminiamu ndiyo inayoliwa. Nungwi, Paje, Jambiani, popote upepo wa bahari unapofika bila kizuizi, mapezi hupukutika ukiyagusa kwa kidole. Kabla hayajafika huko, joto linashindwa kutoka, presha inapanda, tukuza inakwenda mbio, na mwenyewe hajui kwa sababu chumba bado kinapoa. Kipimo cha kiwandani kinafanywa nje kukiwa na digrii 35 na mapezi mapya. Nyota za mteja wa mji usio na bahari hazikufai kitu. Angalia mapezi kama yamepakwa dawa ya kinga, ya buluu au ya dhahabu, ingawa rangi peke yake si dhamana. Uliza aina ya kinga na waranti inasemaje kuhusu kutu ya bahari. Nyingi huiondoa kwa maandishi madogo. Kifungwe upande usiopigwa na kusi wala kaskazi moja kwa moja lakini penye nafasi ya kupumua, na kioshwe kwa maji baridi ya bomba kila mwezi, umeme ukiwa umezimwa kwenye swichi kuu, kwa mpira wa kawaida. Pampu ya kuoshea gari italaza mapezi yote.

Kuhusu vifaa vya mtumba vya Japani tutasema kidogo tu. Ni imara na vimesifiwa kwa haki, lakini ni vya volti 100, na nusu ya nchi ile inatumia 50 Hz na nusu 60. Cha 60 tupu chenye mota kikija hapa huzunguka polepole na kuchemka, hata ukikiwekea transfoma, kwa kuwa transfoma haibadilishi hertzi.

Basi aulizwe nani? Mteja anayefaa kuliko wote hayumo mtandaoni. Ni fundi wa matengenezo wa hoteli za pwani ya mashariki na kaskazini. Huyo ana viyoyozi thelathini vya modeli moja, vimekula masika na kaskazi kadhaa, na hana cha kukuuzia. Muulize ana vingapi, tangu mwaka gani, kipuri gani kabadilisha mara nyingi, na alikipata wapi. Kwa friza, nenda kwa wenye samaki Malindi au sokoni Chake Chake, tazama nyuma ya zile zilizochakaa na bado zinagandisha, soma vibandiko vyake.

Alama ya ubora, iwe ya Taasisi ya Viwango Zanzibar au ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS), isisomwe kama nyota tano. Maana yake kifaa kimevuka kiwango cha chini cha usalama na ubora. Haisemi kuwa hiki ni bora kuliko kilichopo pembeni yake, na wauzaji wanaoionesha kama medali wanawapoteza wateja. Kukosa alama, hata hivyo, ni sababu tosha ya kuondoka dukani.

Tunaiomba Taasisi hiyo, pamoja na Tume ya Ushindani Halali wa Biashara, iwatake wenye maduka waandike kwa Kiswahili, karibu na bei, mambo matatu: daraja la hali ya hewa, uniti za umeme kwa mwaka, na kwa friza, kilo kwa saa 24. Yote yamo kwenye kibandiko tayari, hayahitaji maabara mpya wala bajeti. Na wewe Mhariri, ukipata nafasi, fungua safu ya wasomaji walioishi na kifaa kwa miaka miwili au zaidi: modeli kamili, wanakaa wapi, umbali wao na bahari, kipi kiliharibika na bei ya kipuri. Wasiandike nyota.

Mafundi wa friji na viyoyozi,
Mjini, Unguja